Kipepeo Mnampenda Wote, Kiwavi Nani Anamtaka?

Najua nimekuwa kimya, lakini si mnajua tena semista ikichanganya: testi tatu wiki moja, ripoti za maabara zinakimbizana, bumu limechelewa, hata nguvu ya kuandika inakuwa haipo. Sasa vuli imeanza kumwaga hapa Dar. Matope mpaka mlangoni kwa hosteli, nguo hazikauki, umeme ndio huo unaoujua. Halafu mimi nina furaha ambayo wenzangu wa chumbani hawaielewi kabisa. Mvua ni majani mapya, na majani mapya ni vipepeo.

Wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye foleni ya chakula: "Hivi nyie mnaotembea Jumamosi na daftari mkikodolea macho hewani, mnapata nini?" Nikiwa na haraka nacheka tu naondoka na sahani yangu. Leo nimekaa, mvua inanyesha, nawajibu wote kwa mpigo.

Klabu yetu ya vipepeo ina watu kumi na wawili tukiwa wengi, watano kukiwa na matope. Kuna wa Botania, wa Zuolojia, wawili wa Uhandisi, na jamaa mmoja wa Sheria ambaye anakuja kwa sababu anazozijua mwenyewe (dada wa Botania naye anazijua, teh teh). Sisi wa Elimu tuko watatu. Mlezi wetu ni mwalimu wa zuolojia mwenye kofia pana na nakala ya kitabu cha Jan Kielland cha mwaka 1990 kuhusu vipepeo wa Tanzania. Kitabu hicho hakiazimwi. Unakisoma yeye akiwa amekishika.

Kazi ya Jumamosi ni kuhesabu. Tunaanza saa tatu asubuhi na si kabla, maana kipepeo ni kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu: bila jua kumpiga haamki. Mwili wake hauna joto la kwake la kutosha, lazima aote kwanza ndipo misuli ya mabawa ifanye kazi. Njia yetu ni moja siku zote. Tunatokea nyuma ya hosteli, tunapita pembeni ya kile kichaka mnachokiona mnapoanika nguo, tunashuka korongoni, tunamalizia kwenye mwembe mkubwa. Mwendo wa pole, usiobadilika. Unamhesabu aliye ndani ya mita mbili na nusu kila upande na mita tano mbele yako. Aliyekupita nyuma humhesabu, hata awe mrembo kiasi gani. Huu utaratibu walianza nao Waingereza miaka ya 1970, na tangu 1976 watu wa kawaida tu wa kule, wastaafu na walimu na wanafunzi, wamekuwa wakiujaza kwenye fomu zao kila msimu. Ndiyo maana wao wakisema kipepeo fulani anapungua wana cha kuonyesha. Sisi tuna kaunta buku moja ya kwaya mbili, imeloa pembeni, lakini ndiyo kumbukumbu yetu.

Kuhesabu kunakufundisha kutazama, na ukishaanza kutazama unakuta mambo. Mfano ule wa kudesa. Mmewaona wale vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mabawa zilizowekwa madoa meupe? Wanapita polepole kama watu waliolipwa. Huyo anaitwa Danaus chrysippus. Anaringa kwa sababu utotoni alikula mmea wenye sumu, na sumu ile imebaki mwilini. Ndege akimla anatapika, na akishatapika hamgusi tena. Sasa kuna mwingine, Hypolimnas misippus. Jike wake hana sumu ya aina hiyo hata kidogo, lakini kavaa sare ile ile, chungwa kwa chungwa, ncha nyeusi kwa ncha nyeusi, mpaka mwendo kaiga. Kadesa mtihani mzima! Namna ya kumkamata ni kutazama bawa la nyuma: mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati, mdesaji ana doa moja tu kwenye ukingo wa mbele. Dume wake wala hahangaiki kudesa, mweusi na mabaka makubwa meupe, ukimwona huwezi kudhani ni mume wa yule.

Aliyelieleza jambo hili kwanza ni Mwingereza Henry Walter Bates, mwaka 1862, baada ya miaka mingi kwenye misitu ya Amazon. Na lina sharti lake ambalo wadesaji wote wa chuoni mnalijua. Kudesa kunalipa wakiwa wachache. Wakidesa wengi kuliko wenye sumu, ndege anakula wawili watatu watamu, anashtuka kwamba sare haina maana, na kuanzia hapo anakula wote. Msimamizi naye akikuta majibu yanayofanana darasa zima, hata aliyesoma anapata tabu.

Halafu kuna mtego wa ndizi. Kuna vipepeo wakubwa wenye nguvu, Charaxes, ambao maua hawana habari nayo. Wao wanapenda matunda yaliyooza, utomvu wa miti, na samahani kwa wanaokula, kinyesi. Kuwaona inabidi uponde ndizi zilizoiva kupita kiasi, uongeze bia kidogo, uache zichachuke siku mbili, kisha uweke kwenye kisahani chini ya mfuko mrefu wa wavu uliotundikwa mtini. Kipepeo anaingia kwa chini, anakunywa, akitaka kuondoka anaruka kwenda juu na si chini alikoingilia, basi yuko ndani ya wavu. Unamtazama, unampiga picha, unamwachia. Siku ya kwanza tunatundika, mlinzi alikuja mbio akidhani tunapika gongo. Tukamweleza. Akanusa. Akasema, "Kwa hiyo hii bia anakunywa mdudu?" Akaondoka akitikisa kichwa, na ninaamini mpaka leo hajatusamehe.

Haya, mpaka hapo ni raha tupu, na kama ningeishia hapo mngesema klabu yetu ni ya matembezi. Sasa nije kwenye lenyewe.

Mwezi wa tano, masika ikielekea ukingoni, mama ntilie wa nyuma ya maktaba, yule wa chapati, alitaka kupulizia dawa mndimu wake. Mndimu ule ni mdogo, umemfika kifuani, lakini ndimu zake ndizo mnazokamulia kwenye mchuzi kila siku. Ulikuwa umejaa viwavi. Jamaa wa Uhandisi aliwaona wakati anasubiri chenji, akatupigia, tukaenda wanne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Chapati zimeisha."

"Hatujafuata chapati mama. Ni hao wadudu kwenye mndimu. Tunaomba usiwapulizie."

Alituangalia kwa muda mrefu. "Wadudu wanakula mti wangu, nyie mnanibembeleza nisiwaue. Mna akili timamu?"

Tukamwambia ni watoto wa kipepeo, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayemwona kila siku akizunguka pale. Jina lake Papilio demodocus, na majani ya ndimu, limau na chungwa ndiyo chakula cha watoto wake. Tukamwonyesha wale wadogo, wa kahawia wenye baka jeupe, wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndiyo kinga yao, maana ndege gani atakula kinyesi? Wakikua wanakuwa kijani kama jani. Mama akanyosha kijiti akamgusa mmoja mkubwa, na yule kiwavi akatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali ikatoka. Mama akaruka nyuma, akaitaja dini yake yote.

"Mie kipepeo nampenda," akasema akishapumua. "Huyu simtaki."

Jamani, hiyo sentensi imenikaa kichwani kuliko mihadhara yote ya semista. Sote tuko hivyo. Kipepeo tunamchora kwenye kadi za harusi, tunamfuma kwenye vitambaa vya makochi, tunawaita wasichana wetu kwa jina lake. Kiwavi tunatafuta dawa. Na ni mdudu mmoja! Hakuna duka la kununua kipepeo aliyekamilika ambaye hakuwahi kuwa kiwavi.

Tulikubaliana na mama hivi: tumwondolee viwavi wote kwenye mndimu kwa mikono, bila dawa, ila tawi moja la upande wa ukutani abakishe. Waliobaki tukawapeleka kwenye mlimau mkubwa wa bondeni ambao hauna mwenyewe. Kwenye lile tawi walibaki watano. Wawili waliondoka na ndege. Mmoja alikuwa ameshatagwa mayai na nyigu mdogo, akafa akiwa ameliwa kwa ndani. Ndiyo hali yao, mama kipepeo anataga mayai mengi kwa sababu anajua wengi hawatafika. Wawili walifika. Wakageuka pupa, kila mmoja amejifunga uzi kiunoni kama fundi wa nguzo za umeme, hali wala hatembei. Baada ya wiki mbili na kidogo mama alimpigia jamaa wa Uhandisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi: "Njooni, mtoto wenu anatoka!" Nilikwenda na kanga na mswaki mdomoni. Alikuwa ametoka mabawa yamejikunja kama karatasi iliyolowa, ananing'inia, anayajaza maji ya mwili taratibu mpaka yakanyooka. Wateja walikusanyika na vikombe vya chai. Mama aliwaambia, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi mwenyewe, "Huyu nimemlea."

Tulipolizungumza hili kwenye klabu, jamaa mmoja ambaye huwa haongei sana, kwao ni milimani upande wa Amani, wilaya ya Muheza, alicheka. Akasema, "Nyie mmegundua leo? Nyumbani tumekula viwavi miaka mingi." Hakumaanisha kula kwa mdomo. Huko Usambara Mashariki, miaka ya 2000 ulianza mradi wa wanakijiji kufuga vipepeo. Mama yake alikuwa mmoja wao. Anakamata majike wachache msituni, anawaweka kwenye kibanda cha wavu pamoja na mimea ambayo watoto wao wanaila, wanataga. Viwavi wakitoka wanalishwa majani mpaka wageuke pupa. Pupa ndiyo mali. Zinakusanywa, zinafungwa kwa uangalifu, zinapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, ambako zinapasuka mbele ya watalii. Na hiyo biashara haina cha kesho, pupa haisubiri karani arudi kutoka chai. Ikichelewa siku chache kipepeo anatoka ndani ya boksi.

"Mama alikuwa anatuambia," akasema, "hafugwi kipepeo, anafugwa kiwavi. Kipepeo anajiruka mwenyewe." Nyumba yao ilizungukwa na miti ya msituni ambayo jirani asiyefuga angeikata kuni. Watoto walikuwa wanajua kiwavi gani anakula nini kabla hawajajua jedwali la tatu.

Mwaka 2016 alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Mwaka huo huo ada ya sekondari za serikali ilifutwa, lakini sare, viatu, madaftari na godoro havikufutwa, na vyote hivyo vilitarajiwa kutoka kwenye pupa. Mwezi Machi serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, katika kupambana na utoroshaji wa wanyama, na vipepeo wakaingia humo humo pamoja na nyani na ndege. Sheria haikuuliza mnyama ana miguu mingapi. Godoro lilinunuliwa kwa mbuzi. Mama yake, anasema, alikaa wiki nzima akiendelea kuwakatia viwavi majani, kwa sababu walikuwa wameshatotolewa na wana njaa. Walipokuwa vipepeo akafungua mlango wa wavu.

Hakuna aliyeongea kwa muda. Mimi nilikuwa namfikiria yule mama akikata majani kwa ajili ya wadudu ambao hawana tena mnunuzi.

Kusema haki, si wote kwenye klabu waliokubali kirahisi. Dada mmoja wa Sumbawanga alisema tusimfanye kiwavi malaika. Kiwavijeshi vamizi, yule aliyetokea bara la Amerika, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na 2017 akawa ameshaingia Tanzania. Alipita kwenye mahindi ya kwao. "Mimi nikisikia neno kiwavi sisikii kipepeo," alisema. "Nasikia debe lililopungua." Ana haki. Yule akikua si kipepeo hata hivyo, ni nondo (si hizi nondo mnazogawana kabla ya mtihani, nondo mdudu). Ila jibu lake mwenyewe lilikuwa zuri kuliko letu: ndiyo maana inabidi kuwajua mmoja mmoja. Baba yake alipopulizia kila kinachotambaa alimaliza pia nyigu wadogo ambao kazi yao ni kuwaua hao hao viwavijeshi. Asiyejua kuwatofautisha anawachoma rafiki na adui moto mmoja.

Baada ya hapo nikaenda BTP, yale mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya mkoani. Kidato cha pili, wanafunzi themanini na kitu, madawati hayatoshi, Biolojia kipindi cha mwisho kabla ya kwenda nyumbani. Mnajua hali ilivyo: njaa, joto, kelele. Nikaingia na kopo la plastiki lenye tundu kwenye kifuniko, ndani kiwavi wa kijani juu ya tawi la mlimau. Nikalipitisha dawati kwa dawati. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilisikia mlio wa chaki yangu ubaoni.

Kijana mmoja wa nyuma kabisa, wale ambao walimu wengine walikuwa wameniambia nisijisumbue nao, akainua mkono. "Mwalimu, huyu anajua kama atakuwa kipepeo?"

Nikamwambia ninalolijua. Kwamba ndani ya kiwavi vipo tayari vichipukizi vya mabawa, vimelala, vinasubiri. Kwamba kwenye pupa sehemu kubwa ya mwili wa zamani inayeyushwa na kujengwa upya. Na kwamba mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio moja: waliwafundisha viwavi wa nondo aitwaye Manduca sexta kuichukia harufu fulani kwa kuwapa mshtuko mdogo wa umeme kila wanapoinusa. Wakawaacha wageuke pupa, wakatoka nondo wenye mabawa. Wale waliofundishwa wakiwa kwenye hatua ya mwisho ya ukiwavi bado waliikimbia harufu ile. Walikumbuka. Waliofundishwa wakiwa wadogo zaidi hawakukumbuka.

Yule kijana akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo mwalimu, hata akiyeyuka, somo linabaki?"

Wadau, nimekaa na watu wengi chuoni hapa wanaosema Elimu tumesoma kwa sababu ya mkopo, tukimaliza tutatafuta kazi ya maana. Labda na mimi nitatafuta, sijui. Ila nikimtazama yule kijana nilielewa kazi ya ualimu ilivyo. Mkuu wa wilaya anakuja kwenye mahafali kuwapongeza vipepeo. Mwalimu anakaa na viwavi miaka minne, wanakula kila kitu mpaka chaki, ukiwagusa wanatoa pembe na harufu, na wengi wakishapata mabawa huwaoni tena. Hiyo ndiyo kazi. Asiyempenda kiwavi asiombe.

Sasa nimalizie na jambo la hapa hapa, ambalo ndilo lililonifanya niandike leo. Kile kichaka cha nyuma ya hosteli kimejaa mpamba mwitu, ule mmea wa majani mapana ya kijivu ambao ukiuvunja unatoa maziwa meupe. Ndio chakula cha watoto wa yule Danaus mwenye sumu. Ukikikata, hukati majani tu: unaondoa mwenye sumu, na mdesaji wake naye anabaki na sare isiyomtisha mtu. Wiki moja kabla ya mahafali walikuja wafyekaji. Agizo lilikuwa wasafishe kote, wageni wanakuja. Tulimfuata msimamizi wao, mzee mmoja mpole mwenye buti la mvua, tukamwamkia, tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wanangu, mimi nimeambiwa nifyeke. Sikuambiwa nifyeke nini. Nifungieni alama."

Tukachana shuka jekundu la jamaa wa Sheria (alijitolea mwenyewe, dada wa Botania alikuwepo), tukafunga vitambaa kwenye mashina yenye viwavi. Siku ya pili kiwanja kilikuwa cheupe, na katikati yamesimama mashina tisa yenye vitambaa vyekundu, kama makaburi ya waganga. Watu walicheka sana, picha zikazunguka kwenye makundi yote ya chuo. Wageni walipita, hakuna aliyeuliza. Na Jumamosi iliyofuata, njia ile ile, mwendo ule ule, tuliwahesabu Danaus wanne wakizunguka mashina yale tisa. Siku kama ile mwezi uliotangulia tulihesabu kumi na saba. Ni namba ndogo za daftari dogo, sizifanyi kuwa utafiti. Lakini bila daftari hata hilo tusingelijua, tungesema tu "siku hizi vipepeo wamepungua" kama watu wanavyosema.

Tumeandika barua kuomba ukanda wa mita tano kwa ishirini ubaki bila kufyekwa mwaka mzima, na kibao kidogo cha kueleza kwa nini. Jamaa wa Sheria ameiandika kwa lugha ambayo hata sisi hatukuielewa. Imepelekwa, imegongwa muhuri wa kupokelewa, tunasubiri. Wafyekaji wanarudi kabla ya likizo. Yule mzee wa buti ametuambia tuwahi.

Kwa hiyo mnachoweza kufanya ni hiki. Ukipita pale usiling'oe kwa mzaha shina lenye kitambaa, hata kama ni kuku wako anapita. Ukiona kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na ya njano juu ya mpamba mwitu, mwache ale. Na Jumamosi saa tatu asubuhi njoo nyuma ya hosteli na kofia na maji ya kunywa. Huhitaji kuwa wa Zuolojia. Huhitaji hata kuwapenda vipepeo, hao wanapendwa tayari. Tunatafuta watu wa viwavi.

Haya, mvua imekatika, naenda kuangalia kama nguo zangu bado ziko kwenye kamba. Mbarikiwe, na mwenye nondo za Takwimu (hizi za mtihani sasa) anikumbuke.